Umeme Baada ya Mita

Mama mwenye duka alinizuia mkono kabla sijashika mfuniko wa friza. "Ngoja, mwanangu, vaa ndala kwanza." Nilikuwa nimevua viatu mlangoni kwa sababu sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Akanisogezea kwa mguu ndala za mpira zilizokaa chini ya friza, jozi moja ya wateja wote. "Hii ina shoti kidogo," akasema, "hasa sakafu ikiwa mbichi." Nikamwuliza tangu lini. "Tangu masika ya mwaka juzi. Tumeshaizoea."

Ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa, kati ya Mbamba Bay na Liuli. Nyuma ya mlango kulikuwa na mein swichi ya kisasa, na ndani yake kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T. Kitufe hicho ni cha kujaribia: ukikibonyeza, umeme wa nyumba nzima unapaswa kukatika papo hapo. Nikaomba ruhusa, nikabonyeza. Taa ikaendelea kuwaka, redio ikaendelea kuimba. "Hicho fundi alikitengua," mama akaeleza. "Kilikuwa kinatusumbua. Kila ukichomeka friza, giza."

Friza ilikuwa mbovu, kifaa kilikuwa kizima. Fundi akaondoa kilicho kizima, akaacha kibovu, akalipwa na akashukuriwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia nyuma ya milango mingi, kuanzia Mbinga mjini hadi ziwani, na ninachokiona kinanifanya niamini kwamba tunauliza swali la usalama wa umeme mahali pasipo pake. Tunauliza kama kanuni zipo. Zipo, na si mbaya. La kuuliza ni nani anayerudi kuangalia nyumba baada ya umeme kuwashwa, na nani anayelipia kinga kwa mtu ambaye amejikusanya shilingi kwa shilingi ili apate taa.

Tuanze na namna umeme wenyewe ulivyofika. Kwa miaka mingi Mbinga, kama Songea yenyewe, ilitegemea mashine za dizeli zilizojitenga na gridi ya taifa. Umeme ulikuwa wa mji, wa misheni, wa hospitali na wa wachache wenye jenereta zao. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walikamilisha mtambo wao wa maji wa Tulila, megawati 5 kwenye mto Ruvuma, na Songea ikapata nafuu. Kisha Aprili 2019 Rais John Magufuli akazindua njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa mchango mkubwa wa Sweden. Hapo ndipo Ruvuma ilipoingia kwenye gridi kwa kweli. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007 baada ya sheria ya mwaka 2005, ukashusha nguzo milimani Umatengo na kuziteremsha hadi ziwani. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, nayo ikapanda na kushuka milima ileile, na juu ya malori yake zikaja friza, mashine za kuchomelea na mota za kusagia.

Bei ya kuunganishwa ilishushwa kwa makusudi. Kijijini mteja wa njia moja analipa shilingi 27,000, wakati kwa wa mjini ada ilirudishwa Januari 2022 kwenye 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka nguzo. Huo ni uamuzi ninaouheshimu. Mkulima wa kahawa mwenye miti mia tatu na mvuvi wa usipa wasingefika popote kwa laki tatu.

Ila hiyo 27,000 inalipia nguzo hadi mita. Baada ya mita, nyaya zote ni mali yako na jukumu lako. Wayaringi ya nyumba ya vyumba vitatu, pamoja na mein swichi, paipu, soketi, nondo ya ethi na mkono wa fundi, hufika laki kadhaa. Serikali imebeba sehemu ya kwanza ya safari na kumwachia mwananchi ya pili, ambayo ndiyo ghali. Hapo katikati ndipo anapoishi kishoka.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa kishoka ni nani. Ni fundi asiye na leseni, mara nyingi kijana wa hapohapo, aliyejifunza kwa kumshikia mwenzake ngazi. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi ya nyaya ifanywe na mwenye leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja, kuanzia A kwa kazi kubwa hadi zile za nyumba za kawaida. Fomu ya maombi inayopelekwa TANESCO hubeba mchoro wa wayaringi pamoja na jina na mhuri wa mkandarasi. Kwenye karatasi mnyororo umekamilika. Kinacholalamikiwa kila mahali ni kwamba mkono uliosuka nyaya na mhuri uliogongwa kwenye fomu mara nyingi si vya mtu mmoja. Kishoka anasuka, mwenye leseni anakodisha mhuri, mkaguzi anaona mhuri.

Sitaki kumtukana kishoka. Wengi wao wana mikono mizuri kuliko nilivyotarajia: nyaya zimenyooka, soketi zimesimama wima, hakuna waya unaoning'inia. Wanachokosa hakionekani kwa macho. Wanajua umeme unavyofika kwenye taa. Hawajafundishwa umeme unarudi wapi unapopotea njia, na friza ya yule mama ni somo zima la jambo hilo.

Huku kwetu nyumba kwa kawaida hujitegemea kwa ethi yake: nondo ya shaba, au ya chuma iliyopakwa shaba, inapigiliwa ardhini, na waya wa kijani na njano unatoka hapo kwenda kwenye soketi zote. Friza ikivujisha umeme kwenye bati lake, umeme ule unatakiwa upite kwenye waya huo na kuzama ardhini. Watu wengi, na mafundi wengi, wanaamini kwamba hapo breka itakatika. Tupige hesabu. Umeme wetu ni volti 230. Tuseme nondo ina ukinzani wa omu 50, ambao kwa ardhi ya mawe si mbaya. Gawanya 230 kwa 50: ampea 4.6. Breka ya soketi imewekwa ikatike kwenye ampea 20 au 32. Pasi ya wati 1,000 inakula zaidi ya ampea 4. Kwa breka, basi, friza inayovuja haina tofauti na mtu anayepiga pasi. Itatulia tu, na bati la friza litabaki na karibu volti zote 230 likimsubiri mtoto mwenye miguu mitupu. Uvujaji wa namna hiyo, ukiendelea usiku na mchana, unakula uniti kama 25 kwa siku. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba LUKU yake inaisha bila sababu asiharakishe kulaumu mita.

Breka hulinda waya usiungue. Haikuundwa kumlinda mtu. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa chenye kitufe cha T, ambacho mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika ampea 0.03 kinakata chini ya theluthi ya sekunde, kabla mapigo ya moyo hayajavurugika. Tena kinavumilia ethi mbaya: hata nondo yenye ukinzani wa zaidi ya omu 1,000 inatosha kukiamsha. Kwa nchi ya miamba na mchanga mkavu, hiki ndicho kifaa cha kwanza, na kama fedha ni chache ningependa mtu apunguze soketi mbili kuliko kukikosa.

Maana ardhi yetu ni ngumu kwa ethi. Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake mkubwa ufukweni, na miamba ya namna hiyo imejaa mwambao wote, mingine chini ya sakafu za watu. Nilizunguka nyuma ya duka la yule mama. Nondo ilikuwa imeingia ardhini kiasi cha shubiri moja, ikagota mwamba, na fundi akaikunja ilale ukutani kama fimbo iliyoegeshwa. Kwingine nimeona zimekatwa kwa msumeno: nondo moja imekuwa mbili, na nyumba mbili zikalipishwa. Mkaguzi anayepita anaona waya wa kijani umefungwa kwenye chuma kinachoingia ardhini. Urefu uliozikwa hauonekani bila kipimo, na kipimo cha ukinzani wa ardhi ni chombo ambacho mafundi wengi wa vijijini hawana.

Kiangazi kinazidisha tatizo. Udongo ukikauka kuanzia Juni hadi Oktoba, ukinzani unapanda, na nondo iliyofaa masika haifai tena. Wamatengo wanaujua udongo kuliko watu wengi. Ngolo zao, yale mashimo ya kilimo yanayofukiwa majani mlimani, zimeshika maji na udongo kwa vizazi. Mzee mmoja wa Mbinga, nilipomweleza habari ya nondo na unyevu, alinionyesha moja kwa moja pembe ya uwanja wake ambako maji ya bafu yanaishia na migomba haikauki. Hapo ndipo nondo inapotakiwa iwe, na kama mwamba uko karibu, ziwe mbili au tatu zilizounganishwa, si moja iliyokunjwa.

Yapo mengine madogo yanayoua polepole. Soketi yetu ya pini tatu ni ya mtindo wa Kiingereza, uliowekewa kiwango mwaka 1947, na tundu la juu lina kazi mbili: kupeleka ethi na kufungua vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini ili mtoto asiingize msumari. Chaja na redio nyingi zinazouzwa sokoni zina pini mbili. Basi kila saluni ina kijiti chake, au mfuniko wa kalamu, wa kuchomeka kwenye tundu la juu ili pini mbili zikubali kuingia. Kijiti hicho kikishavunjikia ndani, vifuniko vinabaki wazi na ethi imezibwa. Adapta nzuri ingemaliza jambo hili.

Rangi za nyaya nazo zinahitaji tahadhari ambayo sijasikia ikitolewa kwa sauti. Kwa mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao ndio tuliorithi, laivu ilikuwa nyekundu na nyutro nyeusi. Kwenye njia tatu, laivu zilikuwa nyekundu, njano na bluu. Uingereza ilibadilisha kuanzia mwaka 2004 ili ifanane na Ulaya: laivu kahawia, nyutro bluu, na kwenye njia tatu laivu ni kahawia, nyeusi na kijivu. Angalia kilichotokea. Bluu, iliyokuwa laivu, sasa ni nyutro; nyeusi, iliyokuwa nyutro, sasa inaweza kuwa laivu. Madukani kwetu rangi zote mbili zinauzwa rafu moja. Fundi anayeitwa kuongeza waya kwenye mashine ya kusaga iliyofungwa kwa rangi za zamani, naye amejifunza kwa rangi mpya, anaweza kushika bluu akidhani ni salama. Testa isitoke mfukoni mwake, na kabla ya testa, umeme uzimwe.

Mashine za kusaga ndizo zinazonitia hofu kuliko nyumba. Zilikuwa za dizeli. Sasa nyingi zinahamia umeme wa njia tatu, na unga ule mweupe unaotanda kila mahali unaingia kwenye swichi na kuziba feni za mota. Mitambo ya kumenya kahawa inaweka mota karibu na maji kwa sababu kahawa ya kuosha haimenywi bila maji. Gesti za mjini zinafunga hita za kuogea kwenye nyaya zilizosukwa kwa ajili ya taa. Waya wa milimita 1.5 za mraba ni wa taa. Hita ya wati 3,000 inataka ampea 13, na ukiipitishia waya huo uliofukiwa kwenye plasta pamoja na wenzake, ganda la plastiki linalainika kidogo kidogo kwa miaka hadi usiku mmoja. Nyaya zenyewe si zote za shaba. Ukikwaruza ncha ya waya wa bei rahisi kwa kisu, ngozi nyekundu inatoka na ndani panang'aa peupe: ni alumini iliyopakwa shaba, na haibebi mzigo ulioandikwa kwenye ganda.

Sasa lipo jibu ambalo watu wa haki huwa nalo, nami nalichukua kwa uzito. Wanasema: ukikaza kanuni, utamnyima maskini umeme, na maskini asiye na umeme hakai salama, anakaa na koroboi. Ni kweli. Agosti 2009 wanafunzi 12 wa kike walikufa kwenye moto wa bweni la Idodi, Iringa, ulioelezwa kuanzia kwenye mshumaa. Giza nalo linaunguza. Kwa hiyo sitaki kanuni inayoongeza vizuizi kabla ya mita. REA na TANESCO wenyewe walishaona hili walipoleta UMETA, Umeme Tayari: kisanduku kimoja chenye soketi na swichi kinachofungwa ukutani, ili nyumba ya chumba kimoja au viwili isihitaji wayaringi kabisa. Afrika Kusini ilipounganisha mamilioni ya nyumba miaka ya 1990 ilitumia visanduku vya aina hii, kinga ya uvujaji ikiwa ndani yake. Mteja alipata taa na mlinzi siku moja, kwa bei moja.

Ila nyumba inakua. Anayeanza na UMETA anaongeza chumba, anampangisha mtu, anavuta waya kwenda kibanda cha mbele, anamgawia jirani. Kila nyongeza inafanywa baada ya mita, na baada ya mita hakuna anayepita. Kijijini hakuna kibali cha ujenzi kinachomleta mhandisi wa halmashauri. Bima ya nyumba hakuna, kwa hiyo hakuna kampuni inayouliza. Nyumba inakaguliwa siku moja katika maisha yake, siku ambayo nyaya ni mpya na mzigo ni balbu tatu.

Wengine walilitambua hili. England, tangu mwaka 2020, inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha akaguliwe nyaya angalau kila baada ya miaka mitano. Afrika Kusini, nyumba ikiuzwa, inatakiwa iwe na cheti cha nyaya kisichozidi miaka miwili. Hatuwezi kuyabeba yote hayo hadi Lituhi au Chiwanda, kwa sababu nyumba nyingi huku hazipangishwi kwa mkataba wala kuuzwa kwa hati. Lakini tunayo milango ambayo mtu wa serikali anaingia tayari. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua maeneo ya biashara kwa ajili ya vyeti vya moto. Kwenye ukaguzi huo iongezwe dakika tano: bonyeza kitufe cha T, fungua soketi moja, angalia nondo ya ethi nje. Tuanzie gesti, mashine, saluni na mabweni ya shule, ambako watu wengi wanalala au kugusa chuma kwa pamoja.

Kwa nyumba za kawaida ningeanza na fedha. Umeme umeshafika kwenye vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara na kazi imehamia kwenye vitongoji, zaidi ya 64,000. Nguzo za vitongoji bado zinapandwa, kwa hiyo nafasi ipo: kifaa cha kukata uvujaji kiingie kwenye kifurushi cha 27,000 kama mita inavyoingia, kifungwe na yuleyule anayefunga mita, kwa lakiri ileile. Kikiwa na lakiri, kishoka hatakitengua kwa kuwa kinasumbua, kwa sababu atakuwa ametengua mali ya shirika. Najua kitaongeza gharama ya mradi. Ni gharama ya mara moja, na inafunga mlango ambao kanuni zote za karatasi zimeuacha wazi.

Na kishoka mwenyewe? VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani anapimwa, anafundishwa kilichopungua, anapewa cheti. Chuo cha VETA kipo Songea. Kijana wa Lituhi anayesuka nyumba ishirini kwa mwaka hatasafiri hadi Songea kwa gharama zake ili apate karatasi ambayo hakuna mteja anayemdai. Mtihani umfuate Mbamba Bay kwa wiki mbili wakati wa kiangazi, akitoka awe na njia fupi ya kupata leseni ya daraja la chini kabisa, na mwenye kukodisha mhuri atakosa wateja bila polisi kumgusa. Kumkamata kishoka kunaondoa fundi pekee wa kijiji. Nyaya zake zinabaki ukutani.

Yule mama nilimtafutia fundi mwenye leseni kutoka Mbinga. Alipiga nondo mbili mpya kwenye udongo mbichi karibu na karo la kuogea, akakirudisha kifaa mahali pake, akabonyeza T, nyumba ikawa giza, akarudisha umeme. Kisha akachomeka friza. Giza. Akairudia mara tatu ili mama aone kwa macho yake kwamba kinachokataa ni friza. Mama alisimama kimya akiangalia soda zake, na ilikuwa Ijumaa, kesho yake siku ya gulio. "Sasa mwanangu, nitauza nini?" Fundi wa majokofu alipatikana Jumanne. Siku nne hizo friza ilikaa nje chini ya mwembe, mfuniko wazi, na zile ndala zikiwa zimerudi mlangoni.